Programu Inagoma Kwenye Kompyuta ya Zamani: Dalili, Sababu na Tiba

Kompyuta nyingi za mezani zinazopiga kazi kwenye steshenari za Makoroboi jijini Mwanza, ofisi za mwaloni Kirumba na shule za Ukerewe ni mitumba: HP Compaq dc7800, Dell OptiPlex 755 na 780, na hapa na pale GX620 yenye Pentium 4 iliyokataa kufa. Anayetunza programu ya mauzo ya dagaa, ya ada za shule au ya duka la dawa kwa ajili ya mashine hizi hupigiwa simu kwa malalamiko yale yale. Mengi yana mzizi mmoja: mashine iliyokompaili programu (iliyogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) ilidhani prosesa ya mteja ina uwezo ambao haina, au mfumo wake una maktaba ambazo haujawahi kuwa nazo. Mteja husema "programu imeharibika". Haijaharibika, imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta nyingine.

Kwanza ijue mashine

Usiguse msimbo kabla ya kupata majibu haya kutoka kwenye kompyuta ya mteja yenyewe. Kwenye Linux:

    uname -m
    getconf LONG_BIT
    ldd --version
    grep -o -w -E 'lm|pae|sse2|pni|ssse3|sse4_1|sse4_2|avx|avx2' /proc/cpuinfo | sort -u

`lm` maana yake prosesa inaweza biti 64. Majina ya SSE na AVX ni seti za maelekezo ambayo prosesa inaweza kuyatekeleza. `pni` ni SSE3 kwa jina lake la zamani, kwa hiyo usihangaike kutafuta "sse3", hutaiona. Kwenye Windows, beba CPU-Z kwenye flashi, kisha andika `wmic os get osarchitecture` kwenye dirisha jeusi la amri.

Ukikuta `lm` ipo lakini `uname -m` inajibu `i686`, basi prosesa ni ya biti 64 na aliyepiga mfumo aliweka wa biti 32, mara nyingi kwa sababu RAM ilikuwa GB 2. Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Core 2 Duo zote ni biti 64. Zisizoweza kabisa ni Pentium 4 za mwanzo, Pentium M, Core Duo ya 2006 (angalia, siyo Core 2 Duo) na Atom N270 ya vile vilaptopu vidogo. Mwenye Core 2 Duo mshauri ahamie mfumo wa biti 64 na aongeze RAM ifike GB 4. Kuendelea kumtengenezea toleo la biti 32 ni kumchelewesha tu, kwa sababu njia zinafungwa moja baada ya nyingine: Chrome iliacha Linux ya biti 32 Machi 2016, Firefox ya kawaida iliishia toleo la 144 mwaka 2025, Debian 13 haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya i386, yaani biti 32, na Windows 11 haikuwahi kutolewa kwa biti 32.

Dalili: programu inafunguka na kufa papo hapo, "Illegal instruction" au msimbo 0xc000001d

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko. Kwenye Linux teminali huandika `Illegal instruction`. Kwenye Windows dirisha hupotea kimya, na ukifungua Event Viewer unakuta `0xc000001d`. Prosesa imepewa kazi isiyoijua.

Sababu ya kwanza kwa ukubwa ni `-march=native`. Mtu amekompaili kwenye laptopu yake mpya yenye AVX2, kwake inaruka kama swala, kisha anaipeleka Igoma kwenye Core 2 Duo. Tafuta neno hilo kwenye `CMakeLists.txt`, `Makefile`, na kwenye vigezo vya mazingira `CFLAGS` na `CXXFLAGS`. Kwa Rust tafuta `target-cpu=native` kwenye `RUSTFLAGS` na `.cargo/config.toml`. Badala yake weka:

    -march=x86-64 -mtune=generic      (biti 64)
    -march=i686 -mtune=generic        (biti 32)

Kisha futa folda nzima ya bildi, uanze upya. Ukikompaili juu ya mafaili ya jana, yale ya `.o` yaliyobaki yatakuangusha tena na utadhani marekebisho hayakufanya kazi.

Sababu ya pili: msimbo wako ni safi ila maktaba uliyoibeba ndani si safi. Mtu amechukua `.dll` au `.so` iliyokwisha kukompailiwa mahali pengine, au pakeji ya Python inayodai AVX. TensorFlow rasmi, kwa mfano, inataka AVX tangu toleo la 1.6, na Core 2 Duo haina AVX. Hapa usibahatishe, muulize gdb, zana ya kuchunguza programu inapokufa:

    gdb ./programu
    run
    x/i $pc
    bt

`x/i $pc` inakuonyesha elekezo lililoua programu, na `bt` inakuonyesha limetoka maktaba gani. Likianza na `v` kama `vmovdqu`, ni AVX. Kwa mfano `vpbroadcastb` ni AVX2. `pshufb` ni SSSE3, ambayo Core 2 Duo inayo lakini Pentium 4 haina. `popcnt` huangusha Core 2 zote. Ukiona `movapd` au `movsd` ya rejista za xmm kwenye mashine iliyogoma, una prosesa isiyo na SSE2, yaani Pentium III au Athlon XP, na kwa hizo ushauri wetu ni mmoja: mashine ipumzishwe. Firefox ya Linux yenyewe inadai SSE2 tangu toleo la 53, na Debian 13 imeiweka SSE2 kuwa sharti hata kwa vifurushi vya i386 ilivyobakiza.

Sababu ya tatu ni mfumo uliotumika kukompaili. Viwango vya prosesa za biti 64 vimegawanywa: x86-64-v2 inataka SSE4.2 na POPCNT, v3 inataka AVX2. Red Hat Enterprise Linux 9 na jamaa zake hukompaili kwa v2, na toleo la 10 kwa v3. Ukitumia mfumo huo kutengeneza toleo la mteja, kompaila itaweka v2 bila kukuuliza, na Core 2 Duo haifiki v2: hata E8400 ina SSE4.1 ikaishia hapo. Kujua mashine inafika kiwango gani, kama glibc yake (maktaba kuu ya C ya Linux, ile inayotajwa na `ldd --version`) ni 2.33 au zaidi:

    /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help

Mwisho wa maandishi unaonyesha viwango vinavyokubalika.

Iko sababu ya nne, adimu lakini inazungusha mafundi. Prosesa ina AVX, programu inaangalia kama AVX ipo, inaikuta, inaitumia, inakufa. Kumbe Windows 7 ile haina SP1. AVX inahitaji mfumo uhifadhi rejista zake, na Windows 7 bila SP1 haifanyi hivyo. Weka SP1, na kwenye msimbo, acha kusoma CPUID (elekezo la kuiuliza prosesa uwezo wake) kwa mkono, tumia `__builtin_cpu_supports("avx2")` ambayo inauliza na mfumo pia.

Kabla ya kumtumia mteja, jaribu kwa QEMU, programu inayoigiza prosesa nyingine: `qemu-x86_64 -cpu core2duo ./programu`, au `qemu-i386 -cpu n270 ./programu`. Inakamata AVX iliyojipenyeza, bila kulazimika kupanda kivuko. Haimalizi kazi ya kujaribu kwenye mashine halisi, kwa hiyo OptiPlex moja ya kujaribia ibaki mezani kwako.

Dalili: "No such file or directory" na faili unaliona kwa macho

Unaandika `./mauzo`, Linux inasema hakuna faili, `ls` inakuonyesha lipo. Kinachokosekana ni kipakiaji kinachotajwa ndani ya faili. Programu ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 inamtafuta `/lib/ld-linux.so.2`, na hayupo. Hakikisha kwa `file ./mauzo`. Ikiwa ni `ELF 32-bit` na mfumo ni Debian au Ubuntu wa biti 64:

    sudo dpkg --add-architecture i386
    sudo apt update
    sudo apt install libc6:i386 libstdc++6:i386

Halafu `ldd ./mauzo | grep "not found"` ikuonyeshe zilizobaki. Kinyume chake, yaani programu ya biti 64 kwenye mfumo wa biti 32, ujumbe huwa `Exec format error`, na hapo hakuna cha kusakinisha: mpe toleo sahihi.

Kwenye Windows ya biti 32, faili la biti 64 hukataliwa kwa kuambiwa si programu halali ya Win32 au haiendani na toleo la Windows. Ukikuta `0xc000007b`, umechanganya: programu ni ya biti 32 na `.dll` mojawapo kwenye folda ni ya biti 64, au kinyume chake. Mara nyingi mhusika alipakua `.dll` "iliyokosekana" kutoka tovuti ya ajabu akaiweka mwenyewe. Ifute, na usakinishe kifurushi rasmi cha Visual C++ cha upande unaotakiwa. Windows ya biti 64 ikibeba programu ya biti 32 inahitaji kile cha x86, si cha x64.

Dalili: "version `GLIBC_2.34' not found" na ndugu zake wa Windows

Umekompaili kwenye mfumo mpya kuliko wa mteja. Glibc inakubali programu ya zamani kwenye mfumo mpya, haikubali programu mpya kwenye mfumo wa zamani. Angalia programu yako inadai nini:

    objdump -T ./mauzo | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -1

Linganisha: Debian 10 ina 2.28, Debian 11 na Ubuntu 20.04 zina 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, Debian 13 ina 2.41. Tiba ni kukompaili ndani ya mfumo mkongwe kuliko yote unayohudumia, bila kuusakinisha kwenye mashine yako. Kwa biti 32:

    sudo debootstrap --arch=i386 bookworm /srv/bookworm-i386 http://deb.debian.org/debian
    sudo setarch i686 chroot /srv/bookworm-i386

Hilo `setarch i686` usilisahau. Bila hilo, `uname -m` ndani ya chroot (folda hiyo yenye mfumo wake ndani) itajibu `x86_64` kwa sababu kerneli ni ile ile ya nje, na hati za `configure` zitaandaa bildi ya biti 64 ndani ya mfumo wa biti 32. Unaishia na makosa ya ajabu ya linka (zana inayounganisha vipande vya programu) yasiyo na kichwa wala miguu. Kosa likitaja `GLIBCXX` badala ya `GLIBC`, ongeza `-static-libstdc++ -static-libgcc`.

Onyo: usikopi `libc.so.6` kutoka kompyuta nyingine na kuiweka juu ya ile ya mteja. Amri zote, hata `ls` na `cp`, zinaitegemea. Ikishavunjika, kompyuta haiwaki mpaka flashi ya uokoaji. Kama limeshatokea, usizime wala kuwasha tena kwa kubahatisha. Mwite anayeweza kupandisha diski kutoka mfumo wa nje na kurejesha faili.

Kwa Windows 7 ambazo bado zimejaa mjini, ujumbe ni wa aina tatu. `api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll` haipo: weka sasisho KB2999226. Sahihi ya kisakinishi haitambuliki: Windows 7 haijui SHA-2, njia mpya ya kutia sahihi, mpaka iwe na KB4474419. Wa tatu, unaotaja `KERNEL32.dll` na jina kama `GetSystemTimePreciseAsFileTime`, hauna sasisho la kuuponya, kwa sababu kazi hiyo ilianza Windows 8. Kosa liko kwenye zana ulizotumia. Za mwisho kukubali Windows 7 ni Python 3.8, Go 1.20, Rust 1.77, Qt 5.15 na Electron 22. Ukizibana hapo, zibane kwa maandishi kwenye mradi ili mwenzako asizipandishe. Na mwambie mteja waziwazi: zana hizo hazipati tena viraka vya usalama, kwa hiyo kompyuta hiyo isifungue kurasa za benki wala za malipo ya simu.

Dalili: kukompaili kunakatika katikati

Soma ujumbe wa mwisho kabla ya kununua RAM, maana kuna magonjwa matatu yanayofanana.

`Killed` peke yake ina maana kerneli imeua kompaila kwa sababu RAM imeisha. Amri ya `dmesg | tail` itathibitisha. Punguza kazi za sambamba: `make -j1`. Msimbo mzito wa C++ hula GB 1 hadi 2 kwa kila kazi, hivyo `-j4` kwenye GB 4 ni kujitafutia. Ongeza na swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 4.

`virtual memory exhausted` au `ld: final link failed: memory exhausted` ni jambo jingine kabisa. Hapa RAM inaweza kuwa tele. Programu moja ya biti 32 kwenye kerneli ya biti 32 huona GB 3 tu za anwani, na linka ya mradi mkubwa wenye taarifa za utatuzi huzivuka. Kuongeza RAM hakusaidii hata kidogo. Fuata mpangilio huu: badili `-g` iwe `-g1` au `-g0`, ongeza `-Wl,--no-keep-memory -Wl,--reduce-memory-overheads`, ikishindikana, hamia kwenye ile chroot ya i386 juu ya kerneli ya biti 64, ambako programu ya biti 32 hupata karibu GB 4 nzima. Ikigoma hata hapo, kompaili kutoka biti 64 kwenda biti 32 kwa `i686-linux-gnu-gcc`, ambayo linka yake ni ya biti 64 na haina ukomo huo. Kwa kweli, kukompaili kwenye Pentium 4 yenyewe hakuna faida siku hizi zaidi ya kupasha moto chumba.

`internal compiler error: Segmentation fault` inayotokea faili hili leo na faili lile kesho ni vifaa vyenyewe. GCC hujaribu tena yenyewe, na kosa lisipojirudia huandika: `The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem`. Iamini. Anza na joto: fungua kifuniko umeme ukiwa umechomolewa, safisha feni na mapezi ya kipoza joto. Maofisi ya kando ya ziwa hupata adha ya ziada, makundi ya vidudu wa ziwani yanayofuata taa usiku huvutwa na feni na kuziba mapezi kama pamba. Paka losheni mpya ya prosesa (thermal paste), kiasi cha punje ya mchele. Kisha endesha Memtest86+ usiku mzima. Ikionyesha nyekundu, toa RAM zote, jaribu moja moja.

Simama hapa umwite fundi wa umeme wa kompyuta ukiona kapasita za ubao mama zimevimba kichwani au zimevuja, ukisikia harufu ya kuungua, au kompyuta ikizima yenyewe baada ya kubadili RAM. Kisanduku cha pawa usikifungue hata kikiwa kimechomolewa: kapasita zake hubaki na chaji ya kutosha kukudhuru. Na usipandishe BIOS bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, ubao umekwenda.

Dalili: "undefined reference to `__atomic_load_8'"

Prosesa ya biti 32 haina njia ya moja kwa moja, kwa mujibu wa kompaila, ya kusoma biti 64 kwa mkupuo. Ongeza `-latomic` mwishoni mwa mstari wa linka, baada ya mafaili ya `.o`. Basi.

Dalili: hesabu zinatofautiana kati ya kompyuta mbili

Jumla kwenye kompyuta ya ghalani inapishana kidogo na ya ofisini, na mhasibu ameanza kumtilia shaka mtunza stoo. Kabla watu hawajaharibiana kazi, angalia kama moja ni toleo la biti 32 la Linux. Toleo hilo hutumia x87, sehemu ya zamani ya prosesa ya kufanya hesabu za desimali, ambayo hubeba namba kwa biti 80 ndani ya rejista. Toleo la biti 64 hutumia SSE2 yenye biti 64. Jaribu hili, namba zikisomwa wakati programu inaendeshwa: `a` ni 0.7, `b` ni 10, kisha `(int)(a * b)`. Kwenye SSE2 jibu ni 7. Kwenye x87 jibu ni 6, kwa sababu 0.7 ya kompyuta ni pungufu kidogo mno ya 0.7 halisi, na x87 inauhifadhi upungufu huo hadi unapokatwa desimali.

Tiba ya haraka ni `-msse2 -mfpmath=sse` kwenye toleo la biti 32. Tiba ya kweli ni kuacha desimali kwenye pesa na uzito: hifadhi shilingi kama namba kamili, na kilo kama gramu.

Kuna kisa kingine kinachofanana kwa mbali na hatari yake ni kubwa zaidi: mteja amehamia biti 64 na data zake za zamani zinasomeka vurugu, majina yamehamia kwenye bei. Programu ilikuwa inaandika muundo wa C moja kwa moja kwenye faili. Muundo wenye `int` moja na `double` moja ni baiti 12 kwenye Linux ya i386, lakini baiti 16 kwenye biti 64, na `long` hubadilika kutoka 4 kuwa 8. Funga programu mara moja. Kopi faili la data pembeni kabla mtu hajabonyeza "hifadhi", kisha tumia toleo la zamani kuhamisha data kwenda CSV au SQLite, na toleo jipya kuisoma. Kama mteja ameshaandika juu ya data hiyo na hana nakala, usijaribu kurekebisha kwenye faili lile lile. Mpe mtaalamu wa kurejesha data diski nzima ikiwa haijaguswa.

Dalili: "cheti si sahihi", programu haifiki kwenye seva

Tazama saa ya kompyuta kwanza. Ikisoma miaka ya nyuma, betri ya ubao imekufa. Ni CR2032, mpya hupima volti 3 na kidogo, ikifika 2.5 imekwisha. Kabla ya kuichomoa, piga picha za kurasa za BIOS kwa simu, hasa ule mstari wa SATA: ukirudi kwenye hali tofauti na ya mwanzo, Windows itawaka na skrini ya bluu yenye `0x0000007B` na utalaumiwa kwa kubadili betri.

Saa ikiwa sawa, tazama hifadhi ya vyeti. Cheti mama DST Root CA X3 kiliisha muda 30 Septemba 2021, na mifumo isiyo na ISRG Root X1 hukataa tovuti nyingi halali tangu hapo. Kwenye Debian: `sudo apt install --reinstall ca-certificates`. OpenSSL 1.0.2 inaweza kuendelea kugoma hata baada ya hapo. Beba OpenSSL mpya ndani ya toleo lako. Windows 7 haiwashi TLS 1.2 (njia ya mawasiliano salama) kwa programu nyingi mpaka KB3140245. Kuzima ukaguzi wa cheti kwenye msimbo ili "kazi iende" kwenye programu inayogusa malipo ni kumwachia mlango yeyote aliye kwenye Wi-Fi ile ile.

Na tarehe za mbele: mkataba au mkopo unaoishia baada ya 19 Januari 2038 ukionekana kuwa wa Desemba 1901, sekunde za biti 32 zimejaa. Zinajaa siku hiyo saa 12:14:07 asubuhi kwa saa zetu. Kwa glibc 2.34 au zaidi, kompaili na `-D_TIME_BITS=64 -D_FILE_OFFSET_BITS=64`, lakini maktaba zote zinazopitishiana `time_t` zikompailiwe hivyo hivyo, la sivyo zitasomana vibaya.

Dalili: dirisha jeusi, au programu inastaki kila ukisogeza kitu

Kadi ya picha. Intel GMA 950 ya GX620 inaishia OpenGL 1.4, na zana mpya za madirisha zinataka zaidi. Jaribu mojawapo kulingana na zana yako:

    LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 ./mauzo
    QT_QUICK_BACKEND=software ./mauzo
    GSK_RENDERER=cairo ./mauzo

Itakayofungua dirisha iweke kwenye kianzishi cha programu. Fomu za kawaida za Qt Widgets au GTK 3 hazina shida hii, na kwa mashine za umri huu ndizo tungechagua tangu mwanzo.

Dalili: kisakinishi kinasema faili limeharibika

Bando ni ghali, kwa hiyo matoleo husafiri kwa flashi, kutoka mjini hadi Nansio au Sengerema. Weka faili la `SHA256SUMS` kando ya kisakinishi, na anayepokea aandike `sha256sum -c SHA256SUMS` kabla ya kusakinisha. Kwenye Windows ni `certutil -hashfile faili.exe SHA256`. Namba zikipishana, sababu ya kwanza ni flashi kuchomolewa bila kutolewa salama. Ya pili, faili limezidi GB 4 na flashi ni FAT32, ambayo haibebi faili kubwa kuliko hapo: fomati iwe exFAT, ukikumbuka kwamba Windows XP bila sasisho haiisomi. Ya tatu ni flashi feki. Ipime kwa `f3write` kisha `f3read`, ikiwa tupu. Ikifeli, usiifomati ukitegemea itapona, kwa sababu GB 64 zilizoandikwa kwenye ganda hazimo ndani.